Mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa ukifufuliwa: zile ajira zinazotangazwa ni za nani na za muda gani?

#1 Kifusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Bei ya makaa ya mawe ikipanda tu, habari huwa ni ile ile: mgodi uliofungwa zamani unafufuliwa, ajira mia tano, mara elfu moja. Kiongozi anapigwa picha kavaa kofia ngumu, kashika bonge la makaa. Watu wanashangilia, na siwalaumu. Aliyeishi kwenye mji uliofungiwa mgodi anajua habari hiyo ina uzito gani.

Mimi sipingi migodi kufufuliwa. Ninachokigomea ni ile tarakimu moja inayotajwa kana kwamba watu wote hao wataingia kazini siku moja na kustaafu siku moja. Kwa ninavyoijua kazi hii, ajira za mgodi unaofufuliwa huja kwa makundi matatu yasiyofanana hata kidogo, na watangazaji huyatia yote kapu moja.

Kundi la kwanza ni watu wa kuuamsha mgodi. Mgodi wa chini ya ardhi ukiachwa na pampu zikazimwa, maji hupanda yenyewe hadi yajaze njia. Kwa hiyo miezi ya mwanzo hakuna anayechimba kitu, watu wanavuta maji. Nayo hayamwagwi mtoni hivi hivi. Makaa mengi yamechanganyika na madini ya chuma na salfa ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, ndiyo maana maji ya migodi ya zamani hutoka na rangi ya kutu. Lazima yapitishwe kwenye mabwawa ya kutulia, mara nyingi yatiwe chokaa, ndipo yaachiwe. Baada ya maji ni hewa, na baada ya hewa ni dari. Mbao zimeoza, boliti zilizoshikilia mwamba zimeliwa na kutu, nyaya na reli ni chuma chakavu. Hapo wanatakiwa mafundi umeme, mafundi mitambo, wachomeleaji, wapima migodi na timu ya uokoaji. Wengi wao wanakuja na mkandarasi na wanaondoka naye.

Kundi la pili ndio wachimbaji wenyewe, na ni dogo kuliko watu wanavyodhani. La tatu ni watu wa kufunga tena na kuirudishia ardhi hali yake. Hao siku ya kukata utepe hatajwi hata mmoja.

Nitarudi na mifano. Wenye uzoefu wa chini ya ardhi karibuni mtupe madini.

#2 NatafutaKazi

Mkuu, sisi tulio mtaani na vyeti vyetu tunajua kitu kimoja: ajira 300 ni bora kuliko sifuri. Kuchambua makundi ni kazi ya walioshiba.

#3 Bi Hesabu

@NatafutaKazi kaka, sikupingi. Mia tatu ni bora kuliko sifuri. Swali ni kama hizo mia tatu zipo kweli.

Chukua Marekani, kwa sababu takwimu zake ni za muda mrefu. Mwaka 1923 ilikuwa na wachimbaji wa makaa zaidi ya 860,000, na mwaka huo walitoa tani karibu milioni 600. Mwaka 2023, karne nzima baadaye, nchi hiyo hiyo ilitoa zaidi ya tani milioni 500 kwa wafanyakazi wasiofika 50,000. Makaa yalipungua kidogo tu. Watu ndio walioondoka.

Ukishuka kwenye mgodi wa kisasa unaona kwa nini. Kuna mashine yenye ngoma zenye meno ya chuma, inapita huku na huku ikiukwangua ukuta wa makaa wenye urefu wa mita mia mbili, mia tatu. Juu yake dari linashikiliwa na nguzo za haidroliki ambazo zinajisogeza zenyewe mbele kila mashine inapopita, na nyuma yake mwamba unaachwa uanguke. Makaa yanadondokea kwenye mkanda na kupanda juu. Zamu nzima ya pale ukutani ni watu wachache tu. Mgodi wa namna hiyo unaweza kutoa mamilioni ya tani kwa mwaka.

Sasa mgodi uliofungwa miaka ishirini iliyopita ukiwa na watu 1,500 hauwezi kurudi na watu 1,500. Mwekezaji hakopi fedha benki ili aende kuchimba kwa njia iliyoufilisi mgodi mara ya kwanza. Wazee wakikumbuka mgodi wa enzi zao, wanakumbuka kitu ambacho hakirudi hata makaa yakirudi.

#4 MzeeWaShimo

Nimefanya kazi ya kusimamia hewa chini ya ardhi hadi nikastaafu, naomba nitie neno kwenye hilo la "kuamsha mgodi", maana mleta uzi kalipita haraka na ndilo linaloua.

Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Chini ya hapo haitoshi, juu ya hapo oksijeni haitoshi. Vijana wengi wanadhani hatari ni gesi kuwa nyingi. Mgodi uliozibwa muda mrefu unaweza kuwa na methani asilimia 40, umetulia tuli kwa sababu hakuna oksijeni. Wewe sasa unafungua mlango, unawasha feni, unaingiza hewa safi. Gesi inashuka: 30, 20, 15... umeingia eneo la mlipuko kwa mkono wako mwenyewe, tena kwa nia njema. Ndiyo maana hatua hiyo hufanywa kwa vipimo kila wakati, umeme umekatwa ndani, na watu wapo mbali na mdomo wa shimo. Wakati mwingine hupigwa kwanza naitrojeni, gesi isiyowaka.

La pili ni makaa kujiwasha yenyewe. Yakiguswa na hewa yanapata joto taratibu, na joto lisipopata pa kutokea linakuwa moto. Mgodi ukizibwa moto huo unakosa pumzi na kulala. Ukifungua, unaupa pumzi. Tunaufuatilia kwa kupima kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye moto huo, ambayo haina harufu wala rangi. Kule Queensland, Australia, mgodi wa North Goonyella ulisimama baada ya moto wa chini ya ardhi Septemba 2018. Kampuni ya Peabody wakaja kuufufua kwa jina jipya la Centurion, na kazi ya kurudi ndani ilichukua miaka. Hao ni watu wenye fedha na vifaa.

La tatu ni ramani. Mgodi wa zamani unaweza kuwa na njia zilizochimbwa wiki za mwisho kabla ya kufungwa na hazikuchorwa popote. Julai 2002, Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji walitoboa ukuta wakakutana na mgodi jirani uliotelekezwa, umejaa maji. Ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha kwamba njia za zamani zilifika pale. Tisa walinasa chini zaidi ya saa 77, wakatolewa wote hai kupitia tundu lililochimbwa kutoka juu. Gleision, Wales, Septemba 2011, maji ya njia za zamani yaliwafuata wanne na hakutoka hata mmoja.

Kwa hiyo mkisikia mgodi utafunguliwa "ndani ya miezi mitatu" na umezibwa tangu enzi, ulizeni nani kaingia ndani na kaona nini.

#5 Tabasuri

Mzee umetupa darasa, heshima kwako. Nimesoma hiyo ya asilimia 40 kushuka mara mbili.

#6 Kalamu Nyekundu

Mnajadili ufundi tu. Makaa ndiyo yanayoongoza kwa kumwaga hewa ukaa duniani katika nishati, na ninyi mnahesabu ajira. Mgodi uliofungwa ubaki umefungwa, watu wafundishwe kazi nyingine. Basi.

#7 Kifusi

@Kalamu Nyekundu hoja yako naiheshimu, ila hiyo "wafundishwe kazi nyingine" nayo ni ahadi ya ajira, na nayo haina tarehe wala tarakimu. Tuipime kwa mizani ile ile.

Na kuna jambo linachanganywa kila siku. Makaa si kitu kimoja. Yapo ya kuchoma kwenye mitambo ya umeme, na yapo yanayookwa bila hewa kuwa koki ya kuyeyushia chuma. Tanuru la kawaida la chuma hula kati ya kilo 700 na 800 za makaa kwa kila tani ya chuma. Mgodi wa aina ya kwanza unashindana na gesi, jua na upepo. Wa aina ya pili unashindana na matanuru ya umeme yanayoyeyusha chuma chakavu, na mashindano hayo yanakwenda polepole zaidi. Ukiambiwa ajira za miaka ishirini, ulizia kwanza makaa yenyewe ni ya aina gani na mnunuzi ni nani kwa jina.

Hata hayo ya chuma si kinga. Whitehaven, kaskazini magharibi mwa Uingereza, palikuwa na mpango wa mgodi mpya wa makaa ya chuma kwenye eneo ambalo mgodi wake wa mwisho wa chini ya ardhi ulifungwa miaka ya 1980. Zilitajwa ajira kama 500. Serikali ikatoa kibali Desemba 2022, Mahakama Kuu ikakifuta Septemba 2024. Wakati kesi ikiendelea, viwanda vya chuma vya nchi hiyo hiyo vilikuwa vinaondoka kwenye makaa: tanuru la mwisho la Port Talbot lilizimwa Septemba 30, 2024, mwezi ule ule. Mia tano zile zilisemwa majukwaani kwa miaka na hakuna aliyelipwa mshahara wa kuchimba hata gunia moja.

Halafu kuna bei. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, makaa ya umeme ya bandari ya Newcastle, Australia, yalipita dola 400 kwa tani. Katikati ya 2023 yalikuwa chini ya 150. Kufufua mgodi huchukua mwaka au miwili. Aliyeanza kuvuta maji bei ikiwa 400 alifika kwenye makaa bei ikiwa imekwisha kuanguka.

#8 Fundi Pampu

Wote mnaongelea waliofeli. Nileteeni aliyefaulu basi. Au ngoja nimlete mwenyewe.

Tower Colliery, Hirwaun, Wales Kusini. Aprili 1994 shirika la serikali, British Coal, liliufunga likisema hauna faida. Wachimbaji wakalipwa fedha za kuachishwa kazi. Wengine wangenunua gari. Hawa 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 katika fedha hizo, wakiongozwa na Tyrone O'Sullivan aliyekuwa kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi, wakaununua mgodi wao wenyewe. Januari 2, 1995 waliandamana kurudi kazini, safari hii kama wamiliki. Wakachimba miaka 13, hadi Januari 2008 makaa waliyoweza kuyafikia yalipokwisha. Mgodi ambao wataalamu walisema hauna faida!

Lakini angalieni kwa nini uliwezekana, maana watu hutaja Tower wakaishia kwenye maandamano na bendera. Ulikuwa umefungwa miezi michache tu, si miaka. Waliorudi ndio walioujua, kila kona, kila feni, dari la wapi linalia. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Hakukuwa na ramani ya kubahatisha. Soko lilikuwepo, mtambo wa umeme wa Aberthaw ulikuwa unachukua makaa ya aina yao. Na mwenye hisa ndiye aliyekuwa anashuka shimoni, kwa hiyo hakuna mtu aliyekaa mbali akaamua kufunga kwa sababu robo mwaka imekuwa mbaya.

Kufufua mgodi uliolala miaka thelathini, watu wake wamezeeka au wamehama, ni jambo jingine kabisa. Huko unajenga mgodi mpya ndani ya mgodi mbovu. Kuna wakati kuchimba shimo jipya pembeni ni nafuu, ndiyo maana miradi mingi inayoitwa "kufungua tena" ukiichungulia unakuta shimo jipya lenye jina la zamani.

#9 NatafutaKazi

Hii ya Tower sijawahi kuisikia. Pauni elfu nane kila mmoja na hujui kama itarudi... Wale walikuwa wanaume.

Ila naomba kuuliza. Tukiacha waliomo ndani ya mgodi, si kuna wapishi, madereva, walinzi, wenye nyumba za kupanga? Huwa wanasema kila ajira moja ya mgodini inazaa tatu au nne nje.

#10 Bi Hesabu

Zipo, na kwa mji mdogo ndizo zinazoonekana zaidi. Ila hiyo "tatu au nne" ichukue kwa tahadhari. Inategemea wachimbaji wanaishi wapi. Mgodi ukileta wafanyakazi kwa zamu, wanakaa kambini wiki mbili kisha wanaruka kwao na mshahara wao, duka la jirani linaambulia vocha za simu. Inategemea pia vipuri na mafuta vinanunuliwa wapi. Na mara nyingi anayekokotoa idadi hiyo ni mshauri aliyelipwa na mwomba kibali.

Mimi ningeuliza zaidi juu ya kundi la tatu la mleta uzi, kwa sababu huko kuna ajira ambazo fedha zake hazikuwekwa. Ffos-y-Frân, Merthyr Tydfil, Wales, ulikuwa mgodi wa wazi uliopewa kibali kwa ahadi kwamba ardhi itarejeshwa. Kibali kiliisha Septemba 2022, uchimbaji ukaendelea hadi Novemba 2023. Fedha zilizowekwa kando kwa kurejesha ardhi zilikuwa pauni milioni 15, na kazi iliyoahidiwa ilikadiriwa kugharimu mara kadhaa ya hizo. Huko Scotland, kampuni ya Scottish Coal ilifilisika Aprili 2013, mamia wakapoteza kazi na mashimo makubwa yakabaki wazi kwa sababu dhamana hazikutosha kuyafukia.

Dhamana ikiwekwa yote mapema, kampuni ikifilisika bado kuna kazi ya miaka kwa madereva wa mitambo wale wale: kufukia, kusawazisha, kupanda miti, kusafisha maji. Isipowekwa, wanapoteza kazi mara mbili.

#11 Tabasuri

Kuna kitu hamjakigusa: mapafu. Mimi ni wa upande wa afya.

Ugonjwa wa vumbi la makaa watu wanadhani ni wa enzi za mababu. Kule Appalachia ya kati, Marekani, ulishuka hadi karibu kusahaulika, kisha tangu miaka ya 2000 umerudi kwa kasi. Watafiti wa serikali waliripoti mwaka 2018 kwamba mchimbaji mmoja katika watano wenye miaka 25 na zaidi kazini huko alikuwa nao. Tena wanaugua wakiwa vijana kuliko zamani.

Sababu inahusu uzi huu moja kwa moja. Matabaka manene ya makaa yalichimbwa kwanza. Yaliyobaki ni membamba, na mashine kubwa haiwezi kuyafuata bila kukata mwamba wa juu na wa chini. Mwamba una silika, madini yaleyale ya mchanga, na vumbi la silika linaharibu mapafu vibaya kuliko la makaa. Mgodi wa zamani unaofufuliwa kwa kawaida unarudi kwenye mabaki: matabaka membamba, au nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine mpya, vumbi lenyewe ni baya zaidi.

Anayeajiriwa apigwe picha ya kifua siku ya kwanza na abaki na nakala yake. Bila hiyo, baada ya miaka kumi ataambiwa alikuja akiwa mgonjwa.

#12 Kalamu Nyekundu

Sasa hapo mmenipa hoja bora kuliko yangu ya hewa ukaa.

#13 MzeeWaShimo

Dada Tabasuri kasema kweli, na hizo nguzo ndizo zilizokuwa zinaninyima usingizi. Mwekezaji akiangalia ramani anaona tani za bure zimesimama. Mimi naona kinachozuia mlima usishuke. Kuzichimba kunawezekana, kuna utaratibu wake wa kurudi nyuma huku dari likiachwa lianguke mbele yako, lakini nguzo zilizokaa ndani ya maji miaka mingi hazina nguvu ile iliyoandikwa kwenye vitabu vya zamani. Zipimwe upya.

#14 NatafutaKazi

Sawa wakuu, mmeniivisha. Tuseme tangazo limetoka kesho, mgodi unafufuliwa, mimi nina cheti cha umeme wa viwandani. Niangalie nini kwenye mkataba?

#15 Kifusi

Angalia kwanza anayekuajiri ni mgodi au mkandarasi. Kama ni mkandarasi, kazi yako inaisha siku pampu na feni zikishasimama vizuri. Si vibaya, ila usiende kukopa nyumba kwa mkataba huo. Pili, ulizia kama watakulipia mafunzo ya vifaa vya umeme visivyotoa cheche kwenye gesi. Ukishakuwa na hicho cheti, mgodi ukifungwa unahamia kwenye visima vya gesi au matangi ya mafuta. Mchimbaji wa ukutani hana pa kukimbilia, fundi umeme wa eneo la gesi anapo.

#16 Fundi Pampu

Nami nikuongezee, maana jina langu sikulipata bure. Ruhr, Ujerumani, mgodi wa mwisho wa makaa magumu, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Uchimbaji umekwisha kabisa, lakini pampu bado zinanguruma na zitanguruma milele. Ardhi ya kule imetitia kwa mita nyingi kutokana na uchimbaji wa zaidi ya karne, pampu zikizimwa maji ya juu yanafunika mitaa na maji ya chini yanapanda hadi kwenye vyanzo vya kunywa. Kuna mfuko maalumu wa kulipia kazi hiyo, na hauna tarehe ya mwisho.

#17 NatafutaKazi

Yaani mgodi uliofungwa una ajira ya milele kuliko unaofunguliwa?

#18 Fundi Pampu

Ajira chache, lakini ndiyo. Umeme unao tayari. Kasomee pampu kubwa za kuzamishwa na upimaji wa maji, halafu nitumie ujumbe nikupe majina ya kozi.